Sifuri na kimya si kitu kimoja: tuulizie zahanati kabla ya maabara

Mhariri,

Kila mvua zinapokaribia, kurasa za mbele za magazeti yetu, hili likiwamo, hupambwa na kichwa cha habari kilekile: "Ugonjwa wa ajabu waibuka". Kesho yake viongozi wanaulizwa sampuli zimefika wapi. Keshokutwa mjadala umeshahamia kwenye maabara: ipo, haipo, ina mashine, haina. Sisi tulioifanya kazi ya kufuatilia magonjwa ya kuambukiza katika mikoa ya kusini tunaona mjadala huo unaanzia mwisho. Magonjwa mengi hayapotelei maabara. Hupotea mapema zaidi, kati ya dirisha la mapokezi la zahanati na meza ya mratibu wa ufuatiliaji wa magonjwa wa wilaya, na sababu zake ni ndogondogo, zinajulikana, na zina dawa.

Tazameni Bukoba mwaka 2023. Tarehe 16 Machi Serikali ilitangaza kuna ugonjwa usiojulikana. Tarehe 21 Machi ulikuwa na jina, Marburg. Siku tano si haba hata kidogo. Lakini mpaka siku jina linatajwa, watu 5 walikuwa wameshafariki. Mlipuko ulipotangazwa kwisha tarehe 2 Juni, jumla ilikuwa wagonjwa 9 na vifo 6. Maana yake baada ya ugonjwa kutambuliwa kilitokea kifo kimoja tu. Vingine vyote vilitangulia, wakati hakuna aliyejua anachokitazama.

Huku kwetu, Julai 2022, Ruangwa ilipata wagonjwa wenye homa, maumivu ya kichwa, uchovu na kutokwa damu puani. Walipimwa Ebola, Marburg na UVIKO, wakakutwa hawana. Tarehe 18 Julai ikatangazwa kuwa ni homa ya mgunda: wagonjwa 20, vifo 3. Homa hiyo huletwa na bakteria aina ya leptospira wanaokaa kwenye mkojo wa panya na wanyama wengine. Mtu akikanyaga maji au tope lenye mkojo huo, wanaingia kupitia mchubuko wa ngozi, macho au mdomo. Jina lenyewe linasema ilipo, mgundani. Haikuwa ya ajabu wala haikuwa ngeni. Kilichokuwa kigeni ni kwamba safari hii ilijionyesha kwa damu puani, dalili ambayo hakuna rejista inayoweza kuifunika.

Kwa kawaida hufunikwa. Kati ya 2007 na 2008, katika hospitali mbili za Moshi, wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa walichunguzwa kwa kina. Waganga walikuwa wameandika malaria kwa zaidi ya 60 katika kila 100. Malaria yenyewe ilithibitika kwa watu 14 tu, yaani asilimia 1.6. Waliobaki walikuwamo wenye leptospira, brusela, homa ya Q, homa za kupe na chikungunya. Ni kweli Moshi ina malaria kidogo kuliko Lindi, kwa hiyo asilimia hizo zisiletwe huku kama zilivyo. Ila mkono unaoandika "malaria" bila kipimo, au kipimo kikitoka hasi unaandika "UTI", maambukizi ya njia ya mkojo, na kumtoa mgonjwa na vidonge, ni uleule Moshi na Ruangwa. Mfumo wa ufuatiliaji hauoni wagonjwa, unaona safu ya "utambuzi" kwenye rejista. Ikiandikwa UTI mara kumi na tano ndani ya wiki moja kwa vijana wanaotoka kwenye mashamba ya mpunga, kompyuta ya wilaya itahesabu UTI kumi na tano na kunyamaza. Mganga aandike dalili pembeni ya jina: homa, kipimo cha malaria hasi, macho mekundu, mashavu ya miguu yanauma. Maneno hayo machache yanamtosha mratibu anayejua kusoma.

Sasa tuje kwenye sifuri. Kila kituo cha huduma kinatakiwa kutuma taarifa ya wiki, Jumatatu hadi Jumapili, hata kama hakikuona mgonjwa hata mmoja wa kipindupindu, surua wala mtoto aliyelegea ghafla mguu au mkono, dalili ya polio. Hapo inaandikwa 0. Sifuri hiyo ni taarifa kamili. Inasema kuna mtu alifungua kitabu cha wagonjwa wa nje, MTUHA namba 5, akapita mstari kwa mstari, hakukuta. Kisanduku kilichoachwa wazi kinasema jambo jingine kabisa: hatujui. Pengine hakuna mgonjwa, pengine mganga yuko likizo, pengine simu haina chaji na mto umejaa. Wilaya inayojumlisha visanduku vitupu kama sifuri inajiambia yenyewe kuwa iko salama.

Kuna sifuri nyingine iliyo mbaya kuliko kimya, ile inayotumwa Jumatatu asubuhi kabla kitabu hakijafunguliwa. Kuikamata ni rahisi. Zahanati iliyoripoti sifuri ya kuhara damu wiki thelathini mfululizo, mahali ambapo watu wanakunywa maji ya kisima kisichofunikwa, iwekewe alama. Vivyo hivyo kituo ambacho malaria yake ni 14, 14, 15, 14 masika na kiangazi. Dawa yake ni mratibu kuchagua wiki moja bila kutoa taarifa, kufika, kufungua namba 5 na kuhesabu kwa kidole, kisha kulinganisha na kilichotumwa. Kazi hiyo haimalizi nusu saa. Ziara nyingi za usimamizi huishia ofisini kwa mganga mfawidhi, kitabu cha wageni kikisainiwa, na namba 5 ikibaki chumba cha pili.

Asilimia nazo zinadanganya. Tuseme wilaya ina vituo 40. Vilivyotuma ni 34, na kati yake 31 vilituma kwa wakati. Ukamilifu ni asilimia 85, uwahi ni 77.5. Lengo linalotumika ni 80 kwa vyote viwili, kwa hiyo wilaya itasifiwa kwa la kwanza na kuonywa kidogo kwa la pili. Swali lenye maana haliulizwi: hivyo 6 vilivyonyamaza ni vipi? Ikiwa ni vilevile sita vya ng'ambo ya mto kila masika, asilimia 85 hiyo ni mbaya kuliko 75 ya wilaya ambayo vituo vinavyochelewa hubadilika kila wiki. Ugonjwa unaoletwa na mvua utaanzia ng'ambo, mahali ambapo mvua imekata barabara na mawasiliano.

Kitu kingine kinachoweza kufanywa na zahanati yenyewe, kwa penseli, ni mstari wa tahadhari wa malaria. Chukua wiki moja, tuseme wiki ya 18, utafute idadi ya wagonjwa waliothibitika wiki hiyo katika miaka mitano iliyopita. Zikiwa 12, 18, 9, 22 na 15, zipange: 9, 12, 15, 18, 22. Ya nne kutoka chini, 18, ndiyo mstari. Mwaka huu wiki ya 18 ikivuka 18, piga simu. Fanya hivyo kwa wiki zote 52, chora kwenye karatasi moja, bandika ukutani. Mwaka wenye mlipuko mkubwa usiuingize kwenye mitano hiyo, maana utaunyanyua mstari na mlipuko unaofuata utapita chini yake kimyakimya. Kwa magonjwa mengine hakuna haja ya kuchora. Mgonjwa mmoja wa kipindupindu, mmoja wa homa yenye kutokwa damu, mtoto mmoja chini ya miaka 15 aliyelegea ghafla mguu au mkono, kila mmoja ni simu ya leo leo, hangoji Jumatatu.

Kwenye orodha ya wagonjwa wakati wa mlipuko, safu inayoharibiwa kuliko zote ni tarehe ya kuanza kuugua. Karani anaandika tarehe mgonjwa alipofika. Tofauti ya siku tatu inaonekana ndogo mpaka uanze kutafuta chanzo. Kipindupindu huchukua saa chache hadi siku 5 tangu kuambukizwa mpaka kuhara. Ukiwa na tarehe sahihi unarudi nyuma na kukuta msiba, kisima au harusi iliyowakutanisha watu. Ukiwa na tarehe za kufika unakuta siku ya gulio, kwa sababu ndiyo siku magari yanakuja mjini. Kwa Marburg au Ebola kosa hilo ni zito zaidi, kwani waliomgusa mgonjwa hufuatiliwa siku 21 na hesabu hiyo haitakiwi kuwa na kubahatisha. Swali zuri la kumuuliza mgonjwa wa kijijini si "ulianza lini?" bali "Ijumaa ulikwenda shamba?" Mtu hukumbuka kazi kuliko tarehe.

Tumefika kwenye sampuli, na hapa tutakaa kidogo, kwa sababu ndipo fedha nyingi za maabara zinapopotea. Kuna sampuli mbili za kinyesi ambazo amri zake zinapingana, na zahanati nyingi zimefundishwa moja tu.

Ya kwanza ni ya mtoto aliyelegea, kwa ajili ya polio. Zinatakiwa sampuli mbili, zipishane angalau saa 24, zote zipatikane ndani ya siku 14 tangu kulegea kuanza. Kiasi ni kama pingili ya kidole gumba, gramu 8 hivi. Hizi lazima ziwe kwenye baridi, nyuzi 2 hadi 8, tangu kuchukuliwa mpaka kufika. Wahudumu wengi wanalijua hili vizuri kwa sababu kampeni za polio zimelihubiri miaka na miaka. Na liendelee kuhubiriwa: Malawi ilitangaza polio ya asili Februari 2022, virusi vyenye ukoo na vya Pakistan, na mwaka 2023 Rukwa ilipata mtoto mwenye virusi vya polio aina ya pili vilivyotokana na chanjo.

Ya pili ni ya kipindupindu, na hapo mazoea ya polio yanaua kipimo. Bakteria wa kipindupindu hapendi baridi. Kinyesi kichukuliwe kabla mgonjwa hajapewa antibayotiki, japo maji ya chumvichumvi na dripu zisisubiri hata dakika moja. Chovya swabu kwenye kinyesi mpaka ilowe, iingize kwenye kichupa chenye jeli ya kusafirishia ya Cary-Blair hadi chini kabisa, vunja kijiti ili kifuniko kifunge, kaza, andika jina, umri, tarehe na saa. Kisha kiache kwenye joto la kawaida la chumba, mbali na jua. Hakuna barafu. Ndani ya jeli hiyo bakteria wanaweza kustahimili siku saba hivi. Kwenye kopo tupu wanakauka na kufa ndani ya saa chache, na kwenye kisanduku cha chanjo chenye barafu wengi hawafiki. Maabara inaotesha, haioti kitu, inarudisha jibu: hasi. Wilaya inapumua, na kijiji kinaendelea kuhara. Kipimo cha haraka kinachotoa mistari kinasaidia kuamsha tahadhari, ila hakithibitishi. Tena si lazima kupima kila mtu: sampuli 5 hadi 10 za mwanzo zilizochukuliwa vizuri zina faida kuliko 60 zilizochukuliwa ovyo. Kabla ya kutumia kichupa, kitazame. Jeli ikiwa imepasuka, imekauka, imebadilika rangi au tarehe imepita, kitupe. Tunajua kwamba wakati mwingine ndicho pekee kilichopo. Hicho ni cha kuandikwa kwenye fomu ya kuagiza vifaa, kabla ya mvua.

Damu ya surua ina kosa lake. Mililita 5 kwenye chupa isiyo na dawa ya kuzuia kuganda, iachwe isimame mpaka igande, kisha ute wake, yaani majimaji yanayobaki juu ya damu iliyoganda, utenganishwe. Pasipo mashine ya kuzungusha, chupa isimamishwe wima kwenye friji, na ndani ya saa 24 ute unyonywe taratibu kwa pipeti. Anayeiweka damu nzima kwenye friza akidhani anaihifadhi, anazipasua chembe nyekundu, na maabara inapokea maji mekundu yasiyopimika.

Ufungaji ni tabaka tatu: chupa yenyewe iliyofungwa na kuzungushiwa pamba ya kutosha kunywa kila kitu ikivunjika, chombo cha pili kisichovuja, na boksi gumu la nje. Fomu ikae nje ya chombo cha pili, ndani ya mfuko wa plastiki. Ikiwekwa ndani pamoja na chupa, huloa, na sampuli isiyo na jina haipimwi. Kisha lije swali ambalo halina jibu kwenye mwongozo wowote: nani analipa nauli? Sampuli za makohozi na za wingi wa virusi vya UKIMWI zina njia na ratiba zake za kupelekwa maabara. Za surua na za kuhara hazina. Mara nyingi zinasubiri gari la chanjo, au mtu anayekwenda mjini kwa shughuli zake. Ombi letu kwa halmashauri ni dogo: sampuli hizi zipande pikipiki ileile na boksi lilelile la ratiba iliyopo, na kuwe na fungu la dharura la mafuta ambalo mganga mfawidhi anaweza kulitoa bila kusubiri saini tatu. Damu ya mgonjwa anayedhaniwa ana homa ya kutokwa damu isihusishwe na mpango huo kabisa. Hiyo huchukuliwa na timu yenye mafunzo na mavazi, na zahanati kazi yake ni kumtenga mgonjwa, kuandika waliomgusa na kupiga simu.

Mganga akishapiga simu, hupata malipo gani? Mara nyingi ni makaripio. Anaulizwa kwa nini wilaya yake imeingia kwenye orodha, kwa nini hakusema na bosi wake kwanza, vyoo vya kijiji vilikaguliwa lini. Wiki inayofuata kipindupindu kinaandikwa "kuhara na kutapika", na ramani inakuwa safi. Hatuhitaji kutaja wilaya yoyote. Wanaoifahamu kazi hii wanajua jambo hili halina mkoa mmoja. Upande wa pili, aliyetuma sampuli ya surua halafu asipate jibu miezi miwili, hatatuma ya pili. Mrejesho wa mistari mitatu kwa ujumbe wa simu, "sampuli yako imefika, jibu ni rubela, asante", unafanya kazi kuliko semina ya siku tatu yenye posho.

Nje ya zahanati wapo wanaoona mapema zaidi. Muuza duka la dawa anajua wiki hii ameuza dawa za kuhara mara tatu ya kawaida. Mwalimu anajua darasa la pili limebaki nusu. Wafugaji wanajua kuliko wote: katika mlipuko wa homa ya Bonde la Ufa wa 2006 na 2007, uliopiga Kenya, Somalia na Tanzania baada ya mvua kubwa za El Niño na kuua zaidi ya watu 140 kwa upande wetu peke yake, kondoo na mbuzi kutupa mimba kwa wingi ndiyo ishara inayojulikana ya ugonjwa huo. Afisa mifugo na mganga wa zahanati wanaokaa kata moja wawe na namba za simu za kila mmoja, na wazitumie. Hata chikungunya, iliyochunguzwa kwa mara ya kwanza Newala mwaka 1952, ilipata jina lake kwa Kimakonde, kutokana na jinsi inavyomkunja mtu kwa maumivu ya viungo. Wenyeji waliiona na kuieleza kwa usahihi, na wataalamu wakalichukua neno lao.

Tahadhari moja kuhusu tetesi za namna hii kutoka kwa jamii: zisiwe nyingi. Orodha yenye ishara 25 haishikwi na mtu. Na "kuku kufa kwa wingi" ikiwekwa kama ilivyo, kila kideri kinapopita simu ya mratibu haipumziki, na baada ya mwezi anaacha kupokea. Afadhali ishara tano zilizopimwa: watu wawili wa kaya moja kufa ghafla ndani ya wiki, mtu mzima kuharisha maji mpaka kushindwa kusimama, homa na damu kutoka mwilini, mtoto kulegea, mifugo kutupa mimba kwa wingi huku watu wanaumwa homa.

Ombi la mwisho ni kwako, Mhariri. Nchi nyingi sasa zinajipima kwa kanuni ya 7-1-7: siku 7 kugundua mlipuko tangu ulipoanza, siku 1 kutoa taarifa, siku 7 kukamilisha hatua za kwanza za kuudhibiti. Magazeti yanaandika sana kuhusu ile saba ya mwisho, hema, klorini na ziara ya kiongozi. Ile saba ya kwanza haina picha. Tunapendekeza kila Jumatano, pembeni ya utabiri wa hali ya hewa, mchapishe jedwali dogo la mkoa lenye safu nne: wilaya, vituo vinavyotakiwa kuripoti, vilivyoripoti kwa wakati, na majina ya vilivyonyamaza wiki mbili mfululizo. Idadi ya wagonjwa mnaweza kuiacha. Anzeni na safu ya nne.

Waratibu wastaafu wa ufuatiliaji wa magonjwa,
Lindi